Kupima nanofedha dhidi ya bakteria na utando wao: kazi kubwa ni kuisimamisha dawa

Picha ni ileile kwenye tasnifu nyingi za nanofedha, yaani chembe ndogo mno za fedha zinazotumiwa kuua bakteria: sahani ya aga (ute mgumu wa kuoteshea bakteria), vidoa vinne vya karatasi iliyolowekwa dawa, na duara safi kuzunguka kila kidoa. Chini yake pameandikwa milimita 14, milimita 17. Kisha linakuja hitimisho kwamba dawa hii inafaa kusafishia wodi za hospitali. Duara lile haliwezi kubeba hitimisho hilo. Chembe za fedha hazipenyi vizuri ndani ya aga. Kinachosambaa zaidi ni ayoni, yaani atomu za fedha zenye chaji, zilizoyeyuka kutoka kwenye chembe. Ukubwa wa duara unategemea pia unene wa aga, kiasi cha chumvi ndani yake na wingi wa bakteria waliopakwa. Zaidi ya yote, sahani imekaa kwenye inkubeta usiku kucha, wakati sakafu ya wodi inalowa kwa dakika tano tu kabla ya kukauka.

Kiuavijidudu hupimwa kwa idadi ya waliokufa ndani ya muda uliopangwa. Ili kuujua muda huo lazima uwe na njia ya kuisimamisha dawa papo hapo saa inapofika. Nanofedha ni ngumu sana kusimamisha, na hapo ndipo matokeo mengi mazuri ya karatasini yanapoporomoka. Nitaeleza kazi yote kuanzia chupa, lakini sehemu ya kusimamisha dawa ndiyo ningependa isomwe mara mbili.

Jua kilichomo kwenye chupa

Njia nyepesi ya maabara ya kutengeneza nanofedha ni hii. Mililita 30 za borohaidraidi ya sodiamu yenye milimola 2 kwa lita, iliyotengenezwa muda huohuo na kupozwa kwenye barafu, huzungushwa kwa sumaku huku mililita 10 za nitrati ya fedha yenye milimola 1 kwa lita zikidondoshwa, takriban tone moja kila sekunde. Mchanganyiko unakuwa wa njano angavu. Tone la mwisho likishaingia, zima kizungushi. Ukiendelea kuzungusha, chembe huanza kushikana: njano inakolea, inageukia zambarau, kisha kijivu, na mwisho mashapo yanatuama chini.

Kosa la kwanza la hesabu linatokea hapa. Watu huandika kwamba wana fedha ya milimola 1 kwa lita, yaani miligramu 108. Lakini mililita 10 zimeingia kwenye jumla ya mililita 40. Fedha iliyopo ni milimola 0.25 kwa lita, sawa na miligramu 27. Kila namba inayofuata ikijengwa juu ya 108, dawa itaonekana dhaifu mara nne kuliko ilivyo, na atakayejaribu kurudia kazi hiyo hatapata matokeo yaleyale.

Pima ufyonzaji wa mwanga kwa spektrofotomita kati ya nanomita 300 na 800. Chembe ndogo za mviringo hutoa kilele kimoja karibu na nanomita 400. Andika urefu wa kilele na upana wake, kisha rudia kipimo siku ya jaribio lenyewe, kwa sababu chupa ya wiki tatu si chupa ya leo. Kipimo cha maana zaidi ni kuchanganya dawa na kimiminika utakachotumia kwenye jaribio, bila bakteria, na kusoma kilele baada ya dakika 0, 5 na 60. Kilele kikishuka huku mkia ukiinuka upande wa nanomita 600 hadi 700, chembe zinashikana. Hapo hupimi tena nanofedha ya ukubwa ulioandika. Unapima mabonge yake.

Ukitumia dondoo la mmea, tuseme majani ya mwarobaini, kuna mzigo wa ziada. Dondoo lenyewe lina kemikali zinazoathiri bakteria. Pika dondoo hilohilo, kwa joto na muda uleule, bila fedha, lizimue kwa kiwango kilekile, na ulipime sambamba na dawa. Jaribio lisilo na chupa hiyo halijathibitisha lolote kuhusu fedha.

Chupa ya pili ya kulinganishia ni majimaji ya dawa yasiyo na chembe. Pitisha dawa kwenye mirija ya kuchujia ya kilodaltoni 3, yenye matundu madogo yanayozuia chembe na kupitisha ayoni, ndani ya sentrifuji. Mwaga sehemu ya kwanza inayopita, kwa kuwa kichujio chenyewe hunasa ayoni mwanzoni, kisha kusanya iliyobaki. Pima fedha iliyoyeyuka kwa mashine ya AAS, inayopima metali kwa mwanga unaofyonzwa na atomu zake. Chupa ya tatu ni nitrati ya fedha iliyozimuliwa ilingane na kiasi hicho cha fedha iliyoyeyuka. Mwaka 2012 watafiti wa Rice University, Marekani, walionyesha kwamba mahali pasipo na oksijeni, ambako chembe haziwezi kuoksidika na kutoa ayoni, nanofedha haikuwa na sumu ya kutajika kwa bakteria aina ya E. coli. Kwa hiyo kabla ya kusifu umbo au ukubwa wa chembe, onyesha kwamba chembe zako zimeua kuliko ayoni zilizokwisha yeyuka kwenye chupa hiyohiyo.

Kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachozuia ukuaji

Hiki ni kipimo cha kuanzia tu, nitakipita haraka. Sahani ya vishimo 96, mchuzi wa Mueller-Hinton (chakula cha majimaji cha bakteria), mikrolita 50 za dawa iliyozimuliwa nusu kwa nusu kutoka kishimo hadi kishimo, kisha mikrolita 50 za bakteria. Kiasi cha mwisho cha bakteria kiwe laki 5 kwa mililita. Unakipata kwa kulinganisha mchanganyiko na McFarland 0.5, kipimo sanifu cha ukungu, ambayo ni kama milioni 100 hadi 200 kwa mililita, kisha kuuzimua. Inkubeta iwe nyuzi 35, saa 16 hadi 20.

Yanayoharibika ni mawili. Nanofedha ni ya njano, na oksidi ya zinki, aina nyingine ya chembe nano, ni nyeupe kama maziwa, hivyo kusoma ukungu kwa mashine hakuaminiki bila safu ya vishimo vyenye dawa na mchuzi lakini bila bakteria. Rangi ya resazurini, inayobadilika mahali penye bakteria hai na inayotumiwa na wengi kuepa tatizo hilo, inaweza kubadilishwa na chembe zenyewe. Ile safu isiyo na bakteria ndiyo itakayokuonyesha. Njia ya uhakika ni kuchukua mikrolita 10 kutoka kila kishimo kisicho na ukungu na kupaka kwenye aga. Ulianza na laki 5 kwa mililita, kwa hiyo mikrolita 10 zilibeba bakteria 5,000. Kufa kwa asilimia 99.9 maana yake yasiote makoloni (vidoa vya bakteria vinavyoonekana kwa macho) zaidi ya 5.

La pili ni mchuzi wenyewe. Una kloraidi, na una protini zenye salfa inayonasa fedha. Kiwango unachopata kwenye mchuzi ni cha mchuzi. Usikihamishie kwenye sakafu.

Kuisimamisha dawa

Sasa jaribio lenyewe la kuua. Ulaya kuna kiwango cha EN 1276 kwa viuavijidudu vya jikoni, viwandani na sehemu za umma, na EN 13727 kwa vya hospitali. Mpangilio wa EN 1276 unafanyika kwenye maabara yoyote yenye pipeti nzuri na beseni la maji la nyuzi 20.

Bakteria ni wanne, kila mmoja na namba yake ya hifadhi ya ATCC ya Marekani: Staphylococcus aureus ATCC 6538, Pseudomonas aeruginosa ATCC 15442, Escherichia coli ATCC 10536 na Enterococcus hirae ATCC 10541. Tumia kizazi cha pili au cha tatu kutoka kwenye hifadhi ya friza. Sahani iliyozungushwa benchini kwa miezi haifai. Mchanganyiko wa bakteria uwe na milioni 150 hadi 500 kwa mililita, na uhesabiwe kwa makoloni siku hiyohiyo. Mashine ya ukungu haitoshi.

Weka mililita 1 ya uchafu wa makusudi, nitauelezea mbele, na mililita 1 ya bakteria. Subiri dakika 2. Ongeza mililita 8 za dawa na washa saa. Dakika 5 zikifika, chukua mililita 1 na uitie kwenye mililita 8 za kibatilishi na mililita 1 ya maji. Baada ya dakika 5 nyingine, pandikiza mililita 1 kwenye aga, mara mbili. Kumbuka kwamba mililita 8 kati ya 10 ni asilimia 80. Ukitaka kupima miligramu 50 kwa lita, andaa 62.5. Na ili dawa ihesabiwe kuwa imefaulu, bakteria washuke kwa logi 5, yaani mara laki moja.

Kibatilishi ni kimiminika kinachoifunga dawa isiendelee kuua. Kwa klorini, thiosalfeti ya sodiamu pekee inamaliza kazi ndani ya sekunde chache. Fedha si hivyo. Ayoni yake hushika salfa kwa nguvu, ndiyo maana inaua, na njia ya kuiondoa ni kuipa salfa nyingine nyingi ya kushika. Mchanganyiko unaofaa kuanzia una thioglikoleti ya sodiamu gramu 1 na thiosalfeti ya sodiamu gramu 6 kwa lita. Viwango hivyo ndivyo vilivyo ndani ya kibatilishi cha Dey-Engley kinachouzwa tayari, pamoja na lesithini gramu 7 na Tween 80 gramu 5. Thioglikoleti huharibiwa na hewa. Itengeneze karibu na siku ya kazi, funga chupa vizuri, na usitumie iliyobaki ya mwezi uliopita.

Ugumu wa nano ni huu: kibatilishi kinanasa ayoni zilizopo, lakini chembe iliyoganda kwenye ukuta wa bakteria inaendelea kuyeyuka. Usipokuwa na kibatilishi cha ziada, dawa inaua ndani ya mrija wa kuzimulia, inaua juu ya aga, na wewe unaandika kwamba ilikuwa dakika 5. Kuna wanaojaribu kukwepa kwa kuchuja bakteria kwenye kichujio cha mikromita 0.45 na kuwaosha. Chembe, hasa zikishashikana, zinabaki kwenye kichujio hichohicho pamoja na bakteria, na zinahamia nao kwenye aga. Wengine huzungusha kwenye sentrifuji ili kumwaga dawa ya juu. Fedha ina uzito wa gramu 10.5 kwa sentimita moja ya ujazo. Mabonge yake yanatua chini kabla ya bakteria. Njia zote mbili zinaisogeza dawa karibu zaidi na unaotaka kuwaokoa.

Kwa hiyo kibatilishi kithibitishwe kabla ya jaribio lolote. Andaa mchanganyiko mwepesi wa bakteria, wa 300 hadi 1,600 kwa mililita, ambao ukiingia kwenye mililita 10 unakuwa 30 hadi 160 kwa mililita, idadi inayohesabika kwenye sahani moja. Kisha fanya majaribio matatu. La kwanza: bakteria hao kwenye uchafu na maji bila dawa, kuona kama mazingira yenyewe yanaua. La pili: bakteria kwenye kibatilishi peke yake kwa dakika 30, maana thioglikoleti na thiosalfeti zinaweza kuwa na sumu kwa Staphylococcus. La tatu ndilo muhimu: changanya dawa ya kiwango cha juu kabisa unachotarajia kupima na kibatilishi, subiri dakika 5, kisha ndipo utie bakteria, na uache dakika 30. Katika yote matatu, angalau nusu ya bakteria uliowaweka lazima waote.

Jaribio la tatu likishindwa, usiendelee. Ongeza thioglikoleti, ukiangalia tena lile la pili kwa ajili ya sumu. Au zimua mara kumi zaidi baada ya kubatilisha, ukikubali kwamba sasa huwezi kuona bakteria wachache waliosalia. Kazi hii ya siku mbili haina picha nzuri ya kuweka kwenye tasnifu. Lakini ripoti ya nanofedha isiyoeleza kibatilishi chake, mimi siisomi zaidi ya ukurasa wa mbinu.

Maji na uchafu

EN 1276 inataka dawa ipimwe kwenye uchafu wa albumini ya ng'ombe: gramu 0.3 kwa lita kwa hali safi, gramu 3 kwa hali chafu. Kwa hospitali, hali chafu ya EN 13727 huongezewa chembe nyekundu za damu ya kondoo, mililita 3 kwa lita. Nanofedha iliyoua logi 5 kwenye maji matupu mara nyingi huishia kwenye logi 1 au 2 albumini ikiingia. Protini huivika chembe, na salfa yake hunasa ayoni.

Maji nayo yana neno lake. EN 1276 inataka maji magumu ya miligramu 300 kwa kilo, ugumu ukihesabiwa kama kaboneti ya kalsiamu, yanayotengenezwa kwa kloraidi ya kalsiamu na ya magnesiamu. Ugumu huo ni kama milimola 3 za kalsiamu na magnesiamu kwa lita, ambazo zinaleta milimola 6 za kloraidi. Kwa umumunyifu wa kloraidi ya fedha, ambao ni 1.8 kwa kumi kipeo hasi 10, ayoni huru za fedha zinazoweza kubaki humo ni takriban mikrogramu 3 kwa lita. Nyingine zinakuwa mashapo meupe au zinaungana na kloraidi. Sasa fikiria kisima cha chumvi cha mwambao, Dar es Salaam au Mombasa, ambako kloraidi inaweza kuzidi hiyo kwa mbali. Mhudumu wa usafi atazimua dawa kwa maji ya bombani kwake. Pima kwa maji hayo; usipime kwa maji yaliyokenekwa peke yake.

Kwa sababu hiyohiyo, usioshe bakteria kwa bafa ya fosfeti yenye chumvi kabla ya kuwatia kwenye nanofedha iliyofunikwa kwa sitrati. Chumvi ile inaondoa msukumano wa chaji unaozitenganisha chembe na zinashikana mbele ya macho yako: njano inapauka kuwa kijivu ndani ya dakika chache.

Dawa ya kulinganishia iwe ile inayotumika kweli. Huku kwetu ni Jik. Ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji, inatoa klorini ya asilimia 0.5. Pima nguvu yake kwa taitresheni (kipimo cha kudondosha kemikali) kwanza, kwa maana chupa iliyokaa juani hupungua. Nanofedha ikishindwa kuikaribia Jik ndani ya dakika 5, liandike hilo wazi. Kwa maoni yangu, nafasi ya nanofedha ipo mahali inapokaa na bakteria kwa saa nyingi: kwenye rangi, kwenye mipako ya vifaa, kwenye vichujio vya maji. Tanzania ina mfano wa karibu wa nano kwenye maji: kichujio cha Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, kilichopata tuzo ya kwanza ya Africa Prize ya Royal Academy of Engineering mwaka 2015.

Mipako ina kipimo chake, ISO 22196. Kibao cha milimita 50 kwa 50, mililita 0.4 za bakteria, plastiki nyembamba ya milimita 40 kwa 40 juu yake, nyuzi 35, unyevu wa asilimia 90 au zaidi, saa 24. Mazingira hayo ya joto na majimaji yanaipendelea fedha sana. Matokeo yake yasiuzwe kama ya kiuavijidudu cha sakafu.

Utando

Utelezi ulio ndani ya tangi la maji au kwenye bomba la sinki ni bakteria waliojijengea nyumba ya sukari, protini na DNA. Bakteria hao wanastahimili viwango vinavyowamaliza wenzao wanaoelea. Dawa inaliwa na tabaka la juu, na walio chini wamelala, hawali, hawagawanyiki. Kwa chembe nano kuna kikwazo cha ziada: nyingi zinanaswa kwenye ute kabla ya kufika chini.

Njia inayofanywa na wengi ni ya kristali vayoleti. Otesha utando kwenye vishimo, osha, tia rangi ya asilimia 0.1 kwa dakika 10 hadi 15, osha tena, yeyusha kwa asidi ya asetiki ya asilimia 30, soma nanomita 550. Ni nzuri kwa kujua kama dawa inazuia utando kujengwa. Haifai kwa kujua kama imeua. Rangi inashika maiti na ute sawasawa na walio hai, na dawa iliyoua wote bila kuwabandua itaonekana haijafanya kitu. Upande wa pili, dawa iliyobandua utando bila kuua itaonekana shujaa, huku bakteria wakielea salama kwenye maji uliyomwaga.

Kwa kuua, hesabu bakteria. Njia ninayoiamini ni ya mirija pamoja na mtambo wa kuoteshea utando uitwao CDC, inayofuata viwango vya ASTM vya Marekani, E2562 na E2871. Mtambo ni jagi la glasi lenye vijiti 8, kila kijiti kikishika vipande 3 vya glasi ya borosiliketi vyenye kipenyo cha milimita 12.7. Kwa Pseudomonas: saa 24 bila mtiririko kwenye mchuzi wa soya na triptoni wa miligramu 300 kwa lita, nyuzi 21, mizunguko 125 kwa dakika, kisha saa 24 za mtiririko wa mchuzi wa miligramu 100 kwa lita, kwa kasi ya kubadilisha ujazo wa jagi kila dakika 30. Jagi lenye mililita 350 linahitaji karibu mililita 11.7 kwa dakika, yaani lita 17 kwa siku. Andaa dumu la lita 20 lenye gramu 2 za mchuzi mkavu. Otoklevu ndogo, yaani chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu, haiingizi dumu hilo. Chemsha maji matupu kwa mafungu, na mchuzi uutie ukiwa umekolezwa na kuchujwa kwa mikromita 0.22.

Yanayokwamisha: mpira wa pampu hupasuka usiku, kwa hiyo weka mpya kila mara. Bakteria hupanda kinyume na mtiririko hadi kwenye dumu la chakula, na kinga yake ni kipande cha kukatiza matone kati ya dumu na jagi. Kipande kilichokwaruzwa hutunza utando kwenye mikwaruzo, hivyo kila kimoja kikaguliwe kwa hadubini na kitupwe kikiwa na dosari. Umeme ukikatika saa mbili, anza upya. Utando uliokaa bila mzunguko si uleule.

Siku ya kupima, chovya kijiti mara moja tu kwenye bafa isiyo na kloraidi ili kuondoa wanaoelea. Angushia kipande kwenye mrija wa mililita 50. Vipande 3 viwe vya kulinganishia na 5 vya dawa. Mimina mililita 4 za dawa taratibu ukutani mwa mrija, usipige kipande moja kwa moja. Muda ukifika, mimina mililita 36 za kibatilishi. Tikisa kwa voteksi (mashine ya kutikisa mirija) sekunde 30, weka kwenye beseni la mawimbi ya sauti ya kilohezi 45 sekunde 30, voteksi, beseni, voteksi. Beseni likichemka kwa kazi ndefu litaua bakteria wako wa kulinganishia. Badilisha maji na angalia kipimajoto.

Kibatilishi kithibitishwe upya kwa mfumo huu, kwa kuwa uwiano ni mwingine: sehemu 9 kwa 1, na fedha iliyonaswa ndani ya ute inatoka ghafla utando unapovunjwa.

Mfano wa hesabu, kwa namba za kuelezea tu. Kipande cha kulinganishia: makoloni 42 kutoka mikrolita 100 za mzimuo wa nne, kila mzimuo ukiwa wa mara kumi. 42 mara 10, mara 10,000, mara mililita 40, ni milioni 168, logi 8.23. Kipande cha dawa: makoloni 61 kutoka mikrolita 100 za mzimuo wa kwanza. 61 mara 10, mara 10, mara 40, ni 244,000, logi 5.39. Tofauti ni 2.84. Kwa asilimia, dawa imeua 99.85, na bado kwenye kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba wamebaki zaidi ya laki mbili. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, inataka logi 6 kabla ya kuruhusu lebo kudai kuua utando. Kokotoa logi ya kila kipande kwanza, ndipo utafute wastani. Ukifanya wastani wa namba zenyewe, kipande kimoja kichafu kitameza vingine vyote.

Kabla ya kuamini kushuka kwa logi, hakikisha mambo mawili. Je, utando umetoka kwenye kipande? Baadhi ya dawa huugandisha utando, na bakteria walioshindwa kubanduka wanahesabiwa kuwa wamekufa. Paka kristali vayoleti kwenye kipande baada ya kutikiswa na ukitazame kwa hadubini. Je, bakteria wamevunjika mmojammoja? Fedha huwashikanisha, na bonge la bakteria hamsini linaota koloni moja. Tone moja kwenye hadubini linatosha kujibu.

Kisha tumbukiza kipande kimoja kilichotiwa dawa na kubatilishwa kwenye mchuzi mpya kwa saa 48. Mchuzi ukipata ukungu, utando uko hai, hata kama sahani zako zilikuwa tupu. Sahani nazo ziache saa 48: bakteria waliojeruhiwa na fedha wanachelewa kuota.

Usugu na taka

Fedha haikwepi usugu. Mwaka 1975 iliripotiwa Salmonella sugu kwa nitrati ya fedha kutoka wodi ya majeraha ya moto ya Massachusetts General Hospital, Boston. Jeni zake, ziitwazo sil, zinabebwa kwenye plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria wanaweza kupeana. Na mwaka 2018 watafiti wa Olomouc, Jamhuri ya Cheki, walionyesha kwamba E. coli iliyozoeshwa nanofedha inatoa protini ya mikia yake, flajelini, inayozishikanisha chembe hadi zinapoteza nguvu, bila badiliko lolote la jeni. Kwa hiyo hamisha bakteria kila siku kwenye mchuzi wenye nusu ya kiwango kinachozuia, kwa siku 20, ukipima kiwango hicho upya njiani. Ukiwa na nitrati ya fedha sambamba utaona kama wanastahimili chembe peke yake au fedha yote.

Taka ya jaribio isiende kwenye sinki. Fedha hiyohiyo itaua bakteria wanaosafisha maji taka. Pitisha taka yenye bakteria kwenye otoklevu kwanza. Usitie Jik kwenye chupa yenye kibatilishi: thiosalfeti itaila klorini yote na bakteria watabaki hai. Baada ya otoklevu, kusanya kila kilichogusa fedha kwenye chupa ya plastiki nyeusi, andika kiasi cha fedha kwa makadirio, na ikabidhi kwa wanaochukua taka za metali nzito. Unga mkavu wa chembe, wa aina yoyote, upimwe ndani ya kabati la kuvuta hewa, na benchi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe.